Hajambo, Lakini

Wadogo zetu wa Maparoni, kwetu delta, waliomaliza kidato cha sita wakinikuta nyumbani likizo, swali lao ni moja: "Dada, kwenye usaili wa udaktari wanauliza nini?" Nawajibu kwamba wanauliza kwa nini unataka kuwa daktari, na usithubutu kusema unapenda kusaidia watu, maana hata mwenye boti anasaidia watu. Wanacheka, wanaridhika, wanakwenda zao. Sijawahi kuwaambia habari ya mzee wa shati la kitenge.

Mwaka ule chuo kimoja tu kiliniita. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekosa kabisa, na baba alishasema, kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma, kwamba safari hii nikikosa basi tena, nirudi shambani kwenye mpunga kama wenzangu. Sina ugomvi na mpunga. Ila nilikuwa nautaka udaktari mpaka nikawa nakasirika mtu akinitajia kazi nyingine yoyote.

Usaili ulikuwa Dar es Salaam. Niliondoka nyumbani mapema mno, kwa kuogopa maji. Anayekaa delta anajua: maji yakipwa vibaya boti inakaa juu ya matope, na matope hayana habari kwamba umeitwa na chuo. Nikafikia Kibiti kwa shangazi, nikangojea siku yangu pale.

Shangazi alikuwa na mpangaji, muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Njombe, dada mwenye sauti kubwa na asiyejua kuzungusha maneno. Akaamua kunifundisha, na hakuniomba ruhusa. Nikiosha vyombo, swali. Nikisonga ugali, swali.

"Kwa nini udaktari, siyo uuguzi?"

"Kwa sababu..."

"Unaliangalia sufuria! Mimi ndiye ninayekuuliza. Niangalie machoni!"

Kwetu kumkazia macho mkubwa anapokusemesha ni utovu wa adabu. Nilijaribu mpaka machozi yakanitoka. Shangazi, aliyekuwa anakaanga maandazi pembeni, akasema, "Mwache mwanangu, utampofua huyo."

"Mama, kule hawatampa nafasi kwa ajili ya adabu," muuguzi akajibu, kisha akanigeukia. "Na ukiulizwa, jibu. Nyinyi watu wa Pwani mnapiga hodi hata mkiwa mmeshaingia ndani."

Nilikasirika, lakini nikaendelea kusonga ugali, kwa sababu nilimhitaji. Nikawa nayakariri majibu mchana kutwa. Shangazi aliniuliza kama nimefunga banda la kuku, nikamjibu, "Kwanza ningemsikiliza mgonjwa." Alicheka siku nzima. Mimi sikucheka.

Siku yenyewe nilivaa viatu vya muuguzi. Vilinizidi, nikawa natembea nimekunja vidole visinivuke. Tulikaa kwenye benchi nje ya mlango, na wenzangu walikuwa wakizungumza Kiingereza baina yao kwa raha, kana kwamba wamekuja harusini. Kila aliyetoka ndani tulimtazama usoni tuone amefanywa nini. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, nikawa naifuta kwenye sketi, nikifikiria sketi nayo italowa na wao wataiona.

Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti mwenye kipara, kijana aliyekuwa akiandika, na mama mmoja daktari aliyevaa miwani. Maswali ya mwanzo yalikwenda. Niliwatazama machoni, wote, mmoja mmoja, nikamshukuru muuguzi kimoyomoyo. Nikaanza kuona kama naweza.

Ndipo mwenyekiti akasema, "Sasa kuna igizo dogo. Mzee mmoja ataingia. Mama yake alilazwa hapa, na asubuhi hii amefariki. Mzee hajui. Wewe ndiye daktari. Mwambie."

Mlango ukafunguka. Akaingia mzee wa rika la baba yangu, shati la kitenge, kofia ameishika mkononi. Nikapiga goti bila kufikiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari. Mama yangu anaendeleaje?"

"Hajambo," nikasema.

Wallahi sikukusudia kudanganya. Kwetu hatumtupii mtu msiba mlangoni. Mleta habari hupokewa, huulizwa za huko atokako, naye hujibu njema. Ataulizwa mgonjwa, atajibu hajambo. Kisha atapewa pa kukaa na maji ya kunywa, na baada ya maji ndipo huja neno "lakini". Hakuna mtu mzima anayefurahi kwa ile hajambo. Anaacha alichokuwa akifanya, anakaa chini, anajishika, anaingoja lakini yake.

Mzee wa shati la kitenge hakuingojea. Aliinua mikono juu.

"Alhamdulillahi! Ngoja basi nimpigie mke wangu, alete nguo, tumtoe hospitali!" Na akaugeukia mlango, simu mkononi.

Kijana wa kuandika aliacha kuandika. Nilihisi damu yote imeshuka miguuni, kwenye vile viatu visivyo vyangu. Nikajiona shambani, maji ya mpunga magotini. Mzee alikuwa ameshashika kitasa.

"Baba," nikamwita. "Baba, rudi ukae. Nimekosea. Nimekuambia hajambo na si kweli. Mama yako amefariki asubuhi hii."

Alikaa, akafunika uso kwa kofia. Alikuwa anaigiza, nalijua hilo, lakini mabega yake yalishuka kama ya mfiwa. Kila nilichokariri Kibiti kilinitoka. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikasema, "Pole, baba," nikamngoja ashushe kofia. Baadaye nikamuuliza amekuja na nani, na nani aambiwe kwanza. Mwenyekiti akasema yatosha.

Yule mama wa miwani akaniuliza, "Ile hajambo ilitoka wapi?"

Nikamweleza, na nilimweleza kwa hasira kidogo, kwa kuwa nilishajua nimekosa nafasi na sikutaka nikose nafasi halafu na kwetu pia kudharauliwe.

"Sawa," akasema. "Na asiyeijua desturi hiyo, ukimwambia hajambo, anafanya nini?"

Nilikuwa na jibu. Bibi yangu alipolazwa Utete nilikuwa mtoto. Mjomba akarudi kutoka huko, akamkuta mama anatwanga mpunga uani. "Mgonjwa?" mama akauliza. "Hajambo," mjomba akasema. Mama akaweka mchi chini, akakaa kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nimeshatoka mbio, nazunguka nyumba za jirani natangaza kwamba bibi amepona, anakuja. Niliporudi uani nilikuta vilio. Wenzangu niliowatangazia walikuwa wamenifuata nyuma, wanacheka.

Niliwasimulia vivyo hivyo.

"Basi wewe ndiye usiyepaswa kulisema neno lile," mama wa miwani akasema. Akavua miwani, akaifuta. "Unaweza kwenda."

Nililia njia nzima mpaka Kibiti. Muuguzi aliniuliza nimefanyaje, nikamweleza yote. Alinipikia uji. Majuma yaliyofuata nilikuwa nikisikia mlio wa simu, hata ya jirani, naikimbilia yangu. Nikaanza kujizoeza kuwaza juu ya mpunga.

Ujumbe ulikuja nikiwa nachota maji ya shangazi. Niliusoma nimesimama, nikausoma tena nimekaa juu ya ndoo. Nimepata. Nikampigia mama Maparoni, na mtandao wa kwetu, kwa rehema zake, siku hiyo ukashika. Nyuma ya sauti yake nilisikia anatwanga.

"Hujambo, mwanangu? Habari za huko?"

"Njema, mama."

Mchi ukanyamaza. Nikamsikia akiuegemeza mahali, kisha mkeka ukachakarika.

"Haya," akasema taratibu. "Nimekaa. Sema."

"Nimepata, mama. Wamenichukua. Hakuna lingine."

Mkeka haukuchakarika tena. Mama alikuwa bado anaingoja lakini yake.