Mtungi Usiooshwa

Wiki iliyopita nilirudi utotoni kupitia mlango ambao sikuutegemea, rafiki yangu: kioo cha kompyuta chenye rangi ya buluu, kisicho na picha hata moja, maneno tu yaliyopangwa kwa orodha. Nilikuwa mezani kwangu hapa Busanza, mjukuu wangu wa kike kando yangu, tukiiwekea mfumo mpya kompyuta ya marehemu mke wangu. Mfumo wa zamani ulikuwa umeharibika; mashine inawaka, kisha inaishia njiani. Ndani yake mna sauti ya mke wangu, nyimbo za kwaya ya parokia alizokuwa akijirekodi jikoni akifanya mazoezi. Sina nakala nyingine. Mjukuu alitaka tuzihamishie kwanza kwenye flashi, mimi nikasema tusipoteze muda. Kosa hilo ni langu.

Lakini nisikudanganye, nilikuwa na furaha ya mtoto! Maisha yangu yote nilidhani kazi hii ni ya mafundi wa mjini. Kumbe chombo chenyewe kinakuuliza swali mojamoja kama katekista, nawe unapanda na kushuka kwa vishale, unabonyeza, unaendelea. Lugha? Kifaransa, ndicho nilichosomea sekondari. Saa? Ya Kigali. Neno la siri? Nikaandika. Jina la mashine? Tukaliacha kwanza. Nikaendelea kubonyeza.

“Sogokuru, unasoma au unapiga ngoma?” mjukuu akaniuliza.

“Nasoma.”

“Haya, hapo juu iko inasema nini?”

Sikujua. Nikaweka miwani sawa. Ilikuwa inasema kwamba nimechagua kutumia diski yote, kwamba kila kilichomo kitafutwa na hakitarudi. Niendelee? Chini yake, ndiyo na hapana. Rangi ilikuwa juu ya hapana, kana kwamba mashine yenyewe inanishauri. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kishale cha kwenda ndiyo.

Hapo nikasikia harufu ya mtama uliochipua.

Nililelewa na bibi yangu katika mtaa wa Nyakabanda, wakati kuta zilikuwa za udongo na maji tukiyafuata bondeni. Bibi alipika ikigage, pombe ya mtama, na watu walishuka hata kutoka mtaa wa juu kuifuata. Mtama uliloweshwa, ukatandazwa kwenye majani ya migomba mpaka uchipue, ukaanikwa, kisha jiwe la kusagia likalia asubuhi nzima, gwaru, gwaru, huku unga ukitupaka nyusi. Tuliramba uji wake mtamu ukiwa bado wa moto. Jioni bibi na jirani yake wa ukuta mmoja, mjane aliyekuwa na kicheko cha kuamsha kuku, walikaa kwenye mkeka na kunywa kutoka chungu kimoja kwa mrija mmoja, wakipokezana. Mrija ule ulikuwa ndio udugu wao.

Siri ya pombe ilikuwa mtungi mmoja mweusi pembeni, ambao haukuoshwa kamwe. Masalio ya chini yalikuwa chachu, na kila pombe mpya ilianzia humo. Bibi aliipokea kutoka kwa mama yake. “Mtungi huo una watu ndani,” alikuwa akisema.

Siku moja tulikuwa tunangoja wageni wa posa ya shangazi yangu. Bibi akaniambia nioshe mitungi yote, ule wa pembeni niuache. Nilisikia nusu. Mpira wa majani ya migomba ulikuwa unaningoja nje na moyo wangu ulikuwa umeshatoka kabla yangu. Nikasugua yote kwa mchanga na majivu, na ule mweusi nikausugua zaidi, kwa sababu ndio ulionekana mchafu kuliko yote. Nikaukung'uta. Nikaupiga, ukalia vizuri.

Pombe ya posa haikuchacha. Wageni walikunywa uji.

“Nani kauosha mtungi wangu?” bibi akauliza. Jirani alikuwa amekuja asubuhi ile ya kuosha mitungi kutusaidia. Akasema, “Si mimi, mwenzangu.” Bibi akamtazama kwa muda mrefu. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Tangu siku hiyo mrija haukupokezanwa tena. Mwaka uliofuata jirani alihamia Gahanga kwa mwanawe, na bibi alikufa akiamini alichoamini. Nilikuwa na miaka mingi ya kusema ukweli. Sikusema.

Nilimsimulia mjukuu yote hayo, kioo cha buluu kikitungoja bila kuchoka.

“Na yule mama jirani, hukumwambia hata siku moja?”

“Hapana.”

Alichukua flashi mezani. Kisha akasema, “Basi tuanze na flashi.”

Tukabonyeza hapana. Mjukuu akaifungua diski kupitia chombo kilekile cha kuwekea mfumo, tukazihamisha nyimbo zote, tukarudi kwenye orodha tangu mwanzo, na safari hii nilisoma kila mstari kwa sauti kama msomaji wa misa. Mwisho kompyuta ikawaka, safi kama siku ya kwanza, na mke wangu akaimba chumbani, akakosea, akacheka, sufuria ikalia nyuma yake. Mjukuu alirukaruka. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma!

Nyakabanda ile haipo tena. Mahali pa ule mkeka pana duka la vigae, na kicheko cha jirani hakuna aliyekirekodi.

Lile swali tuliloliacha tulilijibu kabla ya kuanza kusakinisha. Jina la mashine? Mjukuu alidhani nitaandika la mke wangu. Niliandika jina la jirani yetu, ambalo bibi alikataza lisitajwe nyumbani, na ambalo mimi nilikuwa sijalitamka tangu utotoni. Sasa kila ninapoiwasha, kioo kinaniandikia jina lake kwanza, kabla hakijaniruhusu kuingia.