Shairi Langu Liliimbwa Mlangoni pa Kapinga

Nilikosa, wala sikukosa kwa kutojua. Nina mke na watoto, Jumapili nakaa benchi la mbele kanisani, na hakuna hata mmoja wao anayeijua habari hii. Nakuambia wewe kwa sababu huijui sura yangu.

Nilikuwa nasomea ualimu hapa Kolwezi, miaka ile kampuni ya migodi ilipokuwa inakufa na watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Tulikuwa na somo la ushairi. Tulikaa duara, mmoja anasimama kusoma alichoandika, kisha aliye kulia kwake anasema kwanza: kipi kimesimama, kipi kimeanguka. Profesa alikataza kucheka, lakini mimi walinicheka. Mashairi yangu yalikuwa kama mahubiri.

Kulia kwangu alikaa Kapinga. Baba yake alikuwa dereva wa treni ya mgodi, mtu wa asili ya Kasai, jimbo la mbali, ingawa alizaliwa hapahapa. Aliyeletwa kuchimba shaba ni babu yake Kapinga. Kapinga hakunicheka. Baada ya masomo tulikaa kwenye ngazi, ananiambia, "Acha maneno makubwa. Sema kitu uliona na macho yako." Kidogo ninachojua kuandika nilikipata kwake.

Ndipo wakaja wanasiasa. Wakasema watu wa Kasai wamekula kazi zetu, warudi kwao. Kaka yangu alikuwa ameachishwa kazi, na maneno hayo akawa anayaleta mezani kila siku. Mimi sikumchukia Kapinga. Hilo ndilo linaloniua. Nilitaka tu darasa lile linipigie makofi, hata mara moja.

Nikaandika juu ya mgeni aliyekomba chungu cha mwenye nyumba, akamsahau aliyempa sahani. Nikasimama nikasoma, naye Kapinga yuko pale pembeni yangu. Nusu ya darasa walipiga makofi. Profesa akauliza huyo mgeni ni nani. Nikajibu kwamba kila mtu anamjua.

Profesa alimwambia Kapinga anaweza kunyamaza. Akakataa. Alichukua karatasi, akaisoma kimya, akaweka kidole chini kabisa.

"Huu mustari wa mwisho ni murefu, unaanguka. Kata. Weka tu: mugeni, njia ile."

Akanirudishia karatasi, akatoka. Hakuonekana tena darasani.

Na mimi nikakata! Nadhani alitaka nisikie nilichokuwa nasema. Mimi nilisikia mstari mzuri tu. Nikaurekebisha, nikampa kaka yangu, naye akawapa vijana wa chama cha wanasiasa wale.

Asubuhi moja nikasikia shairi langu barabarani, linapigiwa madebe. Nilifurahi, nisikudanganye. Niliwafuata nikiimba nao, mpaka wakakata kona kuingia kambi la wafanyakazi na kusimama mlangoni pa kina Kapinga.

"Mugeni, njia ile! Mugeni, njia ile!"

Wakatoa vitanda. Wakatoa cherehani ya mama yake. Baba akatoka amevaa nguo zake za kazi, kana kwamba zingemtetea. Kapinga akatazama juu ya vichwa vya watu, macho yake yakanipata. Nilikuwa nimeacha kuimba. Kaka yangu alikuwa mbele kabisa, ningeweza kumshika mkono. Sikumshika.

Kina Kapinga wakahamia uwanja wa stesheni pamoja na wenzao wengi, wakilala chini ya mahema ya plastiki na kungoja treni isiyokuja. Maji machafu, watu wanahara. Nilikwenda mara moja tu, nimebeba unga begani. Mama yake alikuwa amelala, hana nguvu. Akaushika mkono wangu, akasema, "Mungu akubariki, mutoto yangu. Bengine bote balitutupa." Nilimtazama Kapinga nikingoja amwambie mama yake mimi ni nani. Hakumwambia. Alipokea unga, akageuka.

Mama yule hakufika Kasai. Treni ilipokuja hatimaye, alifia safarini, wakamzika kando ya reli.

Nikawa mwalimu. Somo la ushairi likinifikia, nampa mwenzangu. Miaka mingi baadaye nikasikia kwa mfanyabiashara mmoja kwamba Kapinga yuko hai, anafundisha huko Kasai. Nikamwomba ampelekee salamu, amwambie naomba msamaha. Aliporudi nikamuuliza alijibu nini. Yule bwana alikuwa na haya kunitazama.

"Alisema anakukumbuka, mzee. Salamu hakutuma."

Simlaumu. Ningekuwa yeye, nisingetuma.

Nawe unayejifunza kuandika, unayetamani makofi kama nilivyoyatamani, nisikilize. Maneno uliyokwisha kuwapa watu hayarudi. Kabla hujasimama kusoma, mtazame aliyekaa karibu nawe, ujiulize yatakapotoka humu darasani yataenda kugonga mlango wa nani. Ukimjua, kaa chini. Chana karatasi hiyo, hata kama shairi ni zuri. Langu lilikuwa zuri.