Vikombe Vitatu na Bomba la Ibra

Nilikuwa karani wa serikali katika mji wa Ibra, huku Uarabuni, na kazi yangu ilikuwa bomba la maji. Mkataba ulisema kampuni binafsi ijenge kiwanda cha kusafisha maji ya bahari kule Sur, ilaze bomba mpaka kwetu, iliendeshe miaka na miaka. Serikali itoe njia tu. Njia tu! Aliyeandika hayo hajapata kuomba ardhi ya mtu.

Mama aliyasubiri maji hayo. Tangu tuhamie kutoka Unguja alikuwa akinunua maji ya gari, yanayomiminwa katika tangi juu ya paa, na magoti yake yalishachoka kupanda ngazi za tangi hilo kuyateka. Kila Ijumaa nikimpa shikamoo, yeye huitikia kisha huuliza, "Lini, mwanangu?" Nami humjibu, "Karibu, mama, inshallah."

Katika njia ya bomba lilibaki shamba moja la mitende, la mzee mmoja. Nikaenda barazani kwake na mhandisi wa kampuni, mgeni asiyejua hata neno la Kiarabu. Jua kali, koo limekauka. Nikapewa kahawa, nikanywa vikombe vitatu, nikakitikisa kikombe kuonyesha nimetosheka. Mama alinilea hivyo: ukikataa cha mwenyeji, umemtukana. Kisha nikakunjua ramani.

Mzee alinitazama kwa huruma. "Mwenye haja hukiweka kikombe chini mpaka akubaliwe," alisema. "Wewe umekunywa. Nikajua umekuja kunisalimia."

Lo, aibu niliyoipata! Watoto wa pale wote wanalijua hilo. Mie, Mwarabu wa Unguja, ndimi nisiyejua. Nilirudi mara nne, kahawa sikuigusa. Kila mara alinambia kwa upole kuwa haja ile ilishapita.

Basi bomba likazungushwa mlimani. Kampuni ikasema kosa ni la serikali, serikali ikataka mkataba usomwe upya, na mie nikabeba mafaili ofisi hii hadi ile mpaka nikachoka roho. Mama akiniuliza, nilisingizia kampuni. Ningemwambiaje kuwa kilichochelewesha maji ni adabu aliyonifunza mwenyewe?

Bomba lilipofika Ibra, mama keshatutoka mwezi mzima. Siku ya msiba wanawake walimkosha kwa maji ya gari. Yalipopungua waliniita, nikapanda ngazi za tangi kuwatekea mengine.