Kitambaa Alichokifua Dobi

Mke wa dobi aliondoka nyumbani Jumamosi saa tatu asubuhi, na alipofika getini alirudi mara mbili. Mara ya kwanza alirudi kusema viazi vya binti vikatwe vipande virefu, visikatwe duara, la sivyo hatavigusa. Mara ya pili alirudi kuangalia kama mlango wa nyuma una komeo juu, kule asikofika mtoto wa kiume. Komeo lilikuwepo. Dobi mwenyewe ndiye aliyelipigilia.

"Nenda, mama watoto," akamwambia. "Gari litakuacha."

"Ukishindwa nipigie."

"Sitashindwa."

"Nimesema ukishindwa," mkewe akajibu, akaweka begi dogo begani na kwenda zake.

Safari yenyewe haikuwa ya mbali. Alikuwa anakwenda kwa dada yake, upande wa pili wa mji, kulala. Kulala tu, hakuna jingine. Wiki mbili nyuma alianguka jikoni sufuria ikiwa mkononi, na muuguzi wa zahanati alimpima presha mara mbili kwa sababu hakuiamini mashine yake. Kisha muuguzi yule alimgeukia dobi akamwambia taratibu, bila kumlaumu, kwamba vidonge peke yake havitasaidia. Mama huyu hajalala kwa miaka. Apate siku mbili tatu za kulala bila kuitwa na mtu, maana asipopumzika mtamleta hapa amebebwa.

Dobi ni mtu wa maneno machache, lakini maneno hayo alitoka nayo zahanati na hayakumtoka tena. Mwenye duka la kufulia alipotangaza kwamba sikukuu watafunga siku tatu, dobi alimwambia mkewe aende, na moyoni akaapa kwamba simu hatapiga.

Watoto wao ni wawili. Mkubwa ni wa kike, ana miaka kumi na mmoja, na wanamwita Bibi, kwa sababu amerithi jina la bibi yake na kwa sababu akiketi huketi kama mwenye nyumba. Hasemi. Anasikia kila kitu, hata kijiko kikianguka kwa jirani, lakini neno halijawahi kumtoka. Mdogo wake ana miaka minane, na jina lake la nyumbani ni Injini. Huyo maneno anayo, ila ni yale yale. Hukamata swali moja alfajiri akalizungusha mpaka macho yafumbe. Swali la sikukuu hii lilikuwa, "Leo shule?"

Shule wanaipenda, darasa lao lile dogo lenye walimu wawili, kwa sababu siku za shule zinafanana. Kengele inalia, uji unakuja, kengele inalia tena. Sikukuu haina kengele. Watu wengine hutembeleana, lakini wao mialiko ilishakoma, na haikukoma kwa ugomvi. Mwaka fulani Injini aliwasha na kuzima taa ya sebuleni kwa watu mpaka ikaungua. Wenyeji walicheka, wakasema si kitu, ni taa tu. Mwaka uliofuata hakuna aliyewaambia waje.

Basi Jumamosi ilianza vizuri. Viazi vilikatwa virefu. Injini aliuliza kuhusu shule mara ambazo dobi aliacha kuzihesabu, na kila mara akajibiwa kwamba ni Jumanne. Mchana Bibi alilala juu ya mito ya kochi, na kitambaa chake kikamponyoka mkononi kikaanguka sakafuni.

Kitambaa hicho ni kipande cha shuka la zamani, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, na zamani kilikuwa cha bluu. Bibi anacho tangu akiwa mchanga. Hulala nacho, hula nacho, huenda nacho shuleni kimekunjwa mfukoni, na mambo yakimzidi hukiweka juu ya mdomo akavuta pumzi mpaka mabega yashuke.

Dobi alikiokota. Kilikuwa na uji wa siku nyingi, na mafuta, na alama moja ya kahawia isiyojulikana ilikotoka. Sasa huyu ni mtu aliyefua na kupiga pasi nguo za watu kwa miaka kumi na tisa. Vidole vyake vimechunika kwa sabuni, na akikutana nawe barabarani huona kola yako kabla ya uso wako. Mkono ulikwenda wenyewe. Aliona pia kwamba mkewe akirudi atafurahi kukuta jambo moja limepungua. Akakiloweka, akakipiga sabuni mara mbili, akakitia wanga kidogo, akakianika juani. Kilipokauka akakipiga pasi, akakikunja mara nne kama cha mteja anayelalamika, akakiweka karibu na kichwa cha mtoto. Kwa kweli kilipendeza.

Bibi aliamka, akakichukua, akakiweka mdomoni. Akakitupa. Akainua mito yote, akatazama chini ya kochi, akarudi kukichukua, akanusa tena, akakitupa tena. Halafu sauti yake ikaanza, ile sauti moja ndefu isiyo na neno ndani yake, na kichwa kikaanza kugonga ukuta. Dobi aliweka mkono wake kati ya kichwa na ukuta, akauacha hapo. Injini aliziba masikio akalia huku akiuliza kama leo ni shule. Wali wa jioni haukuguswa. Usiku ule hauna haja ya kusimuliwa. Itoshe kusema kwamba hakuna aliyelala, na mgongo wa mkono wa dobi ulivimba.

Jumapili asubuhi alitoka uani na simu mkononi, jina la mkewe likiwa limeshatokea. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza. Jirani yake, dereva mstaafu mwenye shingo nene, alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta na kikombe cha chai. Siku nyingine angetania. Leo aliuliza kwanza kama mtoto ameumia, akaambiwa hapana, ana uvimbe tu.

"Mpigie mama yake, dobi. Kuna aibu gani?"

"Si aibu. Nikimpigia atakuja."

"Si ndiyo maana ya kumpigia?"

"Akija leo, hataondoka tena. Nitamwambia nini siku nyingine? Nenda ukalale, nitaweza?"

Dereva alinywa chai yake. Wakati huo Injini alitoka ndani akiburuta kile kitambaa, akakinusa kama alivyomwona dada yake akinusa.

"Hii ya dukani," akasema.

"Ni ya Bibi hiyo, baba."

"Ya dukani. Ya Bibi inanuka Bibi."

Dobi alikichukua akakinusa, na kweli, kilinuka sabuni, wanga na pasi ya moto. Kilinuka duka, harufu ile ile anayorudi nayo jioni kila siku na ambayo pua yake ilishaizoea hata haisikii tena. Ndipo akakumbuka jambo aliloliona mara nyingi pasipo kuliuliza. Mkewe hufua kitambaa hicho nusu, kwa maji matupu. Wiki hii upande mmoja, wiki ijayo upande wa pili. Yeye alikuwa akikiona kwenye kamba kimelowa nusu, akacheka moyoni kwamba mke wa dobi hajui kufua.

Akairudisha simu mfukoni.

Kazi ya siku ile ilikuwa moja, nayo hakuwahi kufundishwa na mtu: kuchafua. Kwanza alikisuuza kwa maji matupu mpaka wanga ukatoka wote. Kilipokauka alikisugua mafuta ya nywele ya Bibi, akakiviringisha ndani ya gauni lake la juzi lililokuwa bado halijafuliwa, akakikalia saa nzima. Akakifunga kiunoni mwa Injini na kumwambia azunguke uani, na Injini, ambaye maisha yake yote anaambiwa atulie, alizunguka mpaka jasho likamtoka. Wakati wa kupika viazi, kitambaa kilikuwa begani mwa dobi, juu ya moshi.

Dereva aliona yote hayo kutoka ukutani, akashindwa kujizuia. "Miaka yote unasafisha uchafu wa mji mzima," akasema, "leo umeamua kuwarudishia?"

Dobi alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajalala. Alipompelekea Bibi mara ya kwanza, kilitupwa. Mara ya pili, kilitupwa. Mara ya tatu kilitupwa mpaka kwenye sufuria. Aliendelea, maana hakuwa na kingine cha kufanya, na kwa sababu kama miguu ingesimama angelala hapo hapo. Jioni Bibi hakukitupa. Alikiweka gotini, akakitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mgeni huyu. Jumatatu asubuhi dobi alimkuta ameketi kitandani, pembe moja ya kitambaa iko juu ya mdomo. Pembe moja tu. Akala viazi vinne, vya jana, vya baridi.

Mkewe aliingia saa tisa mchana, kama walivyopatana. Alikuwa amenenepa macho kwa usingizi. Alisimulia kwamba alilala mpaka dada yake akaja kumshika pua kuona kama anapumua. Aliketi kando ya Bibi, na Bibi akamwegemea bila kumtazama. Mama akashika kitambaa, akakisogeza puani. Kisha akainua macho.

"Umekifua."

"Nimekifua."

"Na sabuni?"

"Na wanga," dobi akasema.

Mkewe aliutazama mkono wa mumewe uliovimba, akautazama uvimbe mdogo kwenye paji la uso la binti yake, akayaweka yote mawili pamoja. "Kwa nini hukunipigia?"

Dobi alikuwa na mengi ya kueleza, ya zahanati na ya dereva na ya kuzunguka uani. "Ulikuwa umelala," akasema.

Mkewe alinyanyuka na begi lake. Miaka yote begi lile lilikaa chini ya kitanda, nyuma ya ndoo, likishika vumbi. Safari hii alilitundika kwenye msumari wa karibu na mlango, akaunyoosha mkanda wake.

"Sikukuu nyingine iko lini?" akauliza.

Dobi alitaka kuhesabu miezi. Lakini alikuwa ameshaegemea ukuta, ule ule wa Jumamosi, na macho hayakumsubiri. Alimsikia Injini akija kwa mbio kuuliza kama leo ni shule, na akamsikia mama yake akimjibu kwamba ni kesho, baba, kesho, punguza sauti, baba yako amelala.