Wifi Alikunywa Madafu Yangu Yote

Nilikuwa nakufa kwa kiu, na wifi yangu kanipa mgongo, anakunywa dafu langu.

Sitanii. Nilisikia kabisa likishuka kooni mwake.

Tena hilo lilikuwa la pili asubuhi ile.

Naitwa Sitara. Wa Kariakoo mnanijua, nauza supu na chapati Mtaa wa Swahili. Kwangu watu hawaishi. Anayekuja kula, anayekuja kusema watu, wote nawapokea. Mimba ya mtaani naipata kabla mwenyewe hajajua.

Basi, mtungi wa gesi ulikuwa unavuja, mimi nikawasha kiberiti.

Nilivaa dera lile jepesi la kuteleza. Halikuungua, liliyeyuka. Likanigandia mapajani, tumboni, mkono wote wa kushoto.

Majirani wakanimwagia maji, wakanipakia kwenye bajaji, hao hospitali.

Nililazwa nalilia mkono. Kumbe shughuli iko kwingine.

Siku ya tatu Dokta Pranav akainama, akautazama ule mfuko wa mkojo unaoning'inia kitandani. Ndani kulikuwa na kama kijiko kimoja. Rangi ya kahawa ya kijiweni.

"Mama, figo zimegoma."

"Dokta, mimi nimeungua na moto. Figo zimefanya nini?"

"Ukiungua hivi, maji ya mwili yanakimbia damu. Figo zikikosa damu ya kutosha, zinazima."

Mengine sikuyasikia. Kichwa kilikuwa kinakwenda na kurudi. Nilimwona tu akimvuta Ummy pembeni, wakaongea kwa muda.

Ummy ni dada wa mume wangu Haruna. Ndiye pekee aliyeruhusiwa kukaa na mimi wodini, kavishwa gauni na barakoa. Wengine wote wanaishia mlangoni, vidonda visije vikaingiwa na wadudu.

Na mimi na Ummy hatuivi. Tangu siku ya harusi, aliposema mbele za watu kwamba kaka yake kaoa redio.

Nikaanza kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Unarudi umechoka kama umefua mashuka ya gesti nzima. Unalala, unaamka, unapelekwa tena. Dokta alisema wazi: mkojo ukirudi, umepona. Usiporudi, mashine ni ya maisha. Na kuna wanaoondoka kabla hata hawajaizoea.

Yaani roho yangu ilikuwa inasubiri nikojoe.

Mtaa mzima ukajua. Salamu ikawa hiyo. Haruna akitoka msikitini, "Bwana Haruna, amekojoa?"

"Bado."

"Inshallah atakojoa."

Aibu? Aibu nilishaiacha kwenye bajaji.

Sasa kwetu mtu akiumwa figo, dawa ni dafu. Linafungua njia, ndivyo tunavyoambiana. Beno, muuza madafu anayeegesha baiskeli mbele ya banda langu, alikuja kila siku na chupa. Wengine wakaja na majagi. Wote mlangoni, juani, wanasubiri vyombo vyao.

Nilimsikia Ummy anavyowapokea.

"Ahsanteni jamani. Anakunywa sasa hivi."

Anaingia, anawapa mgongo, anapiga funda mpaka mwisho. Anarudisha chupa tupu.

"Ummy, nipe."

"Sikupi."

"Tone tu."

"Dokta kakataza."

"Unaniua, wifi."

"Lia basi. Angalau kitu kitatoka."

Ananilowanisha midomo na kipande cha pamba, anakaa. Haruna alipopewa dakika zake za kuniona, nikamnong'oneza, "Dada yako ananimaliza." Akanitengenezea shuka, akatoka. Nikajua nimebaki peke yangu na redio yangu imezimwa.

Halafu asubuhi moja Sista Josepha akaja kukagua, akauinua ule mfuko kwenye mwanga. Akaugeuza. Akaita kwa sauti, "Mama Chapati! Umekojoa!"

Wodi ikapiga makofi, wenye mikono ya kupigia. Nje nikasikia vigelegele. Beno naambiwa alicheza peke yake kwenye maegesho.

Ummy hakucheza. Alikaa sakafuni, akashika tumbo.

Nilipopata nguvu nikamuuliza. "Ulikuwa unakunywa madafu yangu kwa nini?"

"Dokta alisema dafu lina potasiamu nyingi. Figo nzima inaitoa. Yako ingeiacha kwenye damu, moyo ukasimama hapohapo."

"Ungewaambia watu wasilete!"

"Beno katoka Kariakoo na lile jua, nimwambie dafu lake ni sumu? Chupa ikirudi imejaa, mtu kajua kakataliwa. Kesho harudi, wala mwenzake. Wewe ungefika leo bila kusikia kelele za watu mlangoni?"

Nikageuza kichwa, nikautazama ule mlango.

"Na madafu siyapendi," akaendelea. "Tumbo limeniendesha wiki nzima. Nimekojoa mimi kwa niaba yako, mshenzi we."

Nilicheka mpaka vidonda vikavuta.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri.

Nimerudi nyumbani, nakuta Beno kapata wimbo. "Dafu la figo! Ndilo lililomtoa Sitara!" Watu wamepanga foleni.

Nikamwambia, "Beno, mimi sikunywa hata tone."

Akacheka. "Da Sitara, chupa nilirudishiwa tupu, kwa mkono wangu huu."

Ningebishana na chupa tupu? Nilikuwa nimechoka, ngozi inavuta. Nikaacha.

Juzi Salma, mteja wangu wa supu, kanipigia. Mume wake, Mbaruku, fundi wa kuchomelea, kalipukiwa na tangi. Kaungua kifua na miguu. Mkojo hakuna.

"Da Sitara, lile dafu ulikuwa unakunywa mara ngapi kwa siku?"

"Umeshampa?"

"Ndio namimina."

"Salma, liweke chini."

"Lakini Beno kasema..."

"Liweke chini! Sikunywa mimi! Alikunywa Ummy!"

Nikasikia kikombe kikigusa meza.

Mpaka naandika hivi, Mbaruku bado hajakojoa. Yuko kwenye mashine. Sijui itakuwaje, na simdanganyi mtu.

Nimemwomba Ummy ruhusa ya kuandika. Kasema, "Andika. Kunisema watanisema tu."

Jamani, ukienda kumwona aliyeungua, beba salamu zako, beba na mdomo wako. Cha kumlisha muulize kwanza dokta. Na anayekaa naye kitandani akikwambia hapana, usimpe jina baya.

Salma kaniuliza, "Sasa wakija na madafu yao mlangoni niwaambieje? Mimi tumbo la Ummy sina."

Nikamwambia, waambie Sitara hakunywa. Wakibisha, wape namba yangu.