Dakika Ishirini Nilizosema Mimi

Binti yangu wa kwanza hajawahi kupenda ndoo. Alipokuwa mdogo, akitumwa maji tumbo lilikuwa linamuuma hapo hapo, na akienda alirudi na nusu, nusu nyingine imebaki njiani. Alichopenda ni kuhesabu: ngazi za zahanati, kuku wa jirani, mabati ya paa la shule. Baba yake, kabla hajatutoka, alimwita Mhasibu. Mimi niliishia darasa la nne, yeye akasoma hadi nikaacha kuelewa anasoma nini. Sasa ni karani wa takwimu wa halmashauri yetu, kwa mkataba wa miaka miwili.

Kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya mkataba kuisha, alipoanza kuamka alfajiri na kuniambia, "Mama, pumzika, leo nachota mimi," nilijua kuna jambo.

Mimi ni mtu wa kuangalia, nikaangalia. Kabla ya kutoka anatazama simu. Akirudi, ndoo hata hajaitua, anatazama simu. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Nikasema moyoni, huyu kuna mtu anamngoja huko njiani, na mwenye nia njema hupiga hodi mlangoni. Nikamuuliza kama siku hizi kisima kinatuma ujumbe. Akacheka tu, akaendelea kujichua shingo.

Siku ya nne nikamfuata, nikajifanya natafuta kuni. Nikajibanza nyuma ya tangi bovu, nikamwona kwenye foleni katikati ya wanawake, mwanamume hata wa dawa hayupo. Walikuwa wanamtania. Mmoja alisema serikali imeishiwa kweli, mpaka makarani wanagombania kisima na sisi. Mwingine akamwambia akaze shingo, ndoo haiulizi cheti. Yeye alicheka nao huku akiandika kwenye daftari nani amefika saa ngapi na nani ameondoka saa ngapi.

Akaniona nimesimama kama mwizi wa kuku. Hakuuliza nilifuata nini, alinijua. Tukiwa njiani kurudi akanieleza. Kila baada ya miaka miwili halmashauri zote za vijijini hupimwa na kulinganishwa: vyoo, madawati, zahanati, na muda ambao mtu hutumia kufuata maji. Kisha hupangwa kwa nafasi kama wanafunzi, na karatasi hubandikwa ukutani.

"Kuna wenzetu wanapima kwa pikipiki, Mama," akasema. "Wengine wanauliza mlangoni, wanaandika, wanaondoka. Mimi nimetembea na ndoo imejaa, saa natazama kwenye simu, na foleni nimeihesabu. Ni dakika hamsini na mbili."

Aliposema wanauliza mlangoni, nikaongeza mwendo, nikamtangulia asinione uso.

Wiki iliyofuata alirudi kazini macho yamevimba. Mkuu wake, ambaye ofisini wanamwita Kalamu Nyekundu kwa sababu hana nyingine, alikuwa amezikataa fomu zake. Katika upimaji uliopita kijiji chetu kiliandikwa dakika ishirini. Kisima hakijahama, sasa hamsini na mbili zimetoka wapi? Vijiji vingine navyo namba zilipanda, lakini chetu ndicho kilichozidi, na ndicho kijiji anachotoka yeye mwenyewe. Mkuu alishuku ameongeza dakika ili tuletewe bomba. Halmashauri ingeshuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya tisa. Akamwambia arudishe ishirini, ama mkataba asahau.

Nikamuuliza atafanya nini.

"Sirudishi," akasema. "Nimezitembea, Mama."

Sahani yangu nikaifunika bila kula. Maana ile ishirini ilitoka kinywani mwangu.

Miaka miwili nyuma, yeye hajaajiriwa bado, bwana mmoja mwenye fomu alisimama mlangoni kwangu. Akauliza maji nayafuata kwa muda gani. Sasa mtu usiyemjua akikuuliza maji yako yako mbali kiasi gani, anataka nini? Kulikuwa na maneno kwamba vijiji vilivyo mbali na maji vitahamishwa kando ya barabara. Nikasema ishirini, upesi, ili aondoke. Jirani zangu walikuwa uani wanasikiliza. Alipofika kwao, nao wakasema ishirini. Nyumba nne, namba moja, na yule bwana hakushangaa.

Asubuhi nikavaa nguo yangu nzuri, nikaenda ofisini bila kumwambia binti. Chumba cha mkuu kina feni isiyozunguka na mafaili yamefungwa kwa kamba za viatu. Alipojua mimi ni mama wa nani, akasema hapa hakuna kubembelezana. Nikamwambia atoe fomu ya zamani ya nyumba yangu. Akaitafuta kwa muda mrefu. Sahihi ilikuwa yangu, herufi zimelala kama zimechoka.

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Nani amekutuma?"

"Angejua nakuja angefunga mlango."

"Na ulidanganya kwa nini?"

"Niliwadhania vibaya," nikasema. "Na bado sijamaliza."

Hakucheka. Alisema kama ishirini ni ya uongo, basi hawezi kujua kama tumesogea mbele au tumerudi nyuma. Nikamwambia hata mimi nilikuwa nafikiri wao wanajua. Akaandika maelezo yangu, akanisogezea nisaini. Nikasema nitasoma kwanza. Nikaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, nikaenda neno kwa neno, naye anatazama saa. Mstari wa tano ulisema nimekuja "kwa ushauri wa binti yangu". Nikausoma mara mbili, nisije nikamsingizia mtu.

"Hili futa," nikamwambia.

"Ni maneno ya kawaida tu, Mama."

"Basi hayatakosekana ukiyafuta."

Akayafuta kwa ile kalamu yake nyekundu. Ndipo nikasaini.

Aliwatuma watu wawili na ndoo, wakarudi na dakika hamsini na tano. Binti alipata mkataba, wa mwaka mmoja badala ya miwili, na sijui kama huo mwaka uliopunguzwa ni adhabu yake au yangu. Karatasi ya ukutani inasema nafasi ya tisa. Bomba hatujaliona. Kuna watu wanamwangalia binti yangu kwa jicho baya, eti ametushusha. Mwenyewe, alipojua ile ishirini ilikuwa yangu, kwa siku tatu hakusema nami vizuri. Siku ya nne alinichotea maji, simu ameiacha mezani.

Juzi amekuja bwana mwingine na fomu, anauliza zahanati iko dakika ngapi kutoka kwangu. Nilimtazama usoni, kisha viatu, vimeng'aa. Nikachukua kanga yangu, nikafunga mlango kwa nje.

"Twende," nikamwambia. "Saa unayo."