Asubuhi Mbili Mjini Arusha

Iko siku moja ya kiangazi ninayoikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa nimeketi nje ya nyumba yetu hapa Gendabi nikipepeta maharage, mikono iko kwenye ungo lakini akili yote iko Arusha. Nakuandikia haya wewe, mke wa Paulo, kwa sababu juzi uliponipigia simu ulisema mnataka kuwapeleka wajukuu wangu mjini, Ijumaa hadi Jumapili, wakapumzike. Halafu ukaanza kunitajia mahali mtakapopita. Nilisikiliza nikacheka kimoyomoyo, maana nilijisikia mimi mwenyewe nikiongea, mimi wa wakati ule nikiwa na umri kama wako. Sikutaka kukukatiza. Maneno ya simu huwa ya haraka haraka, na hili linataka nafasi.

Mume wangu Faustini, baba mkwe wako, alikuwa fundi uashi. Mvua zilipotusumbua mfululizo na mahindi yakawa ya kubahatisha, alikwenda Arusha kujenga majumba ya watu, mimi nikabaki na shamba, ng'ombe wachache na watoto wawili. Paulo wako alikuwa ameanza shule. Neema alikuwa mdogo, anaongea vizuri lakini bado anabebwa mgongoni akichoka. Baba yao alikuja nyumbani mara chache. Neema alikuwa anamjua kwa sauti tu, ile ya kwenye simu ya kitochi, tukipanda pale kilimani kutafuta mtandao.

Krismasi ilipofika, Faustini alikuja. Alikuwa amebeba gauni jipya na viatu vyenye kengele ndogo. Neema alimwona mlangoni, akapiga kelele kama ameona nyoka, akatoka mbio kupitia mlango wa nyuma hadi kwenye boma la jirani yetu, Bibi Udagenda, akajificha kati ya ndama. Hakurudi hadi tulipomfuata. Siku zote za sikukuu alikataa hata kula chumba kimoja na baba yake. Mume wangu hakugombana na mtu. Aliondoka mapema kuliko tulivyopanga, na pale njiani akaniambia, "Mama Paulo, mimi nitakuwa natuma matumizi. Kuja kuja huku namtesa tu mtoto." Maneno yale yaliniingia mwilini kama baridi ya Juni. Nilijua mtu akianza kusema hivyo, baada ya muda anazoea, na nyumba inabaki na jina tu la kuwa na baba.

Ndiyo maana nikapanga safari ya siku mbili. Nikasema kama mtoto anamwogopa baba akija kwetu, basi sisi tumfuate kwake. Likizo fupi ya mwezi wa tisa ilikuwa karibu, mavuno yalikuwa ndani, jua limetulia. Lakini mwanangu, habari ya kwenda mjini haifichiki kijijini. Dada yangu mkubwa akataka nimpelekee mwanawe maharage mtaa wa Njiro. Mama mmoja wa kanisani akataka nikamwangalie kijana wake kule mtaa wa Sakina, anaishi na nani. Shemeji wa huko huko Arusha akasema nisipolala kwake hata usiku mmoja atajua namdharau. Na mimi mwenyewe nilikuwa na yangu: Paulo aone ndege zikiruka, waone makumbusho, wanunuliwe sare za shule, tupige picha kwenye mnara wa saa. Yote niliyakubali. Nilijiona mwanamke anayejua kupanga.

Siku ile ya maharage, Bibi Udagenda alikuja na kibuyu cha maziwa kama kawaida yake. Wao ni wafugaji, sisi wakulima, na tangu zamani tulikuwa tunabadilishana maziwa na mahindi. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, kila neno limesimama peke yake. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia, akaketi kwenye kigoda, akaniuliza safari. Nikamweleza yote kwa furaha, kuanzia Njiro hadi ndege. Alisikiliza mpaka mwisho huku anamwangalia Neema aliyekuwa anacheza na makapi.

"Mama Paulo," akasema, "huyu mtoto atakaa na baba yake saa ngapi?"

Nikasema tutakuwa pamoja naye muda wote, tutazunguka wote.

"Hapana. Mtazunguka. Kukaa ni kitu kingine." Akamnyooshea Neema kidole. "Huyu alijificha kwangu. Mimi ndiye niliyemtoa kwa ndama, anatetemeka. Sasa unampeleka kwa mtu anayemwogopa, katika mji asioujua, halafu unamkokota kwa shangazi na mjomba mpaka jioni. Atalia. Baba yake ataona kilio tu. Utarudi na nini?"

Mwanangu, nilishika ungo, nikaukung'uta bila sababu.

"Siku mbili zina asubuhi mbili," akaendelea. "Watoto ni watu wa asubuhi. Kila asubuhi fanya jambo moja. Mchana walale. Jioni wakae mlangoni waangalie watu wakipita. Hayo mengine yaache hapa hapa Gendabi, hayaozi."

Aliniacha pale. Nilikasirika kidogo, nakwambia kweli, kwa sababu mtu akikupangua mpango uliojisifia nao huwezi kufurahi papo hapo. Lakini hadi ng'ombe wanarudi kutoka malishoni nilikuwa nimeshaona kwamba amelisema jambo langu vizuri kuliko nilivyolisema mimi. Kesho yake nikaenda kwa dada nikamrudishia maharage. Nikamweleza mama wa kanisani. Shemeji nilimpigia simu nikamwambia safari hii ni ya Neema na baba yake, yake itakuja na nitalala kwake nikiwa na nafasi. Alikata simu. Watu wakasema nimeanza maringo kabla hata sijafika mjini. Yaliniuma, lakini nilifunga mizigo yangu: mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, maziwa, mkeka, nguo za kubadilisha niliziweka juu kabisa mahali pa kufikika, na kopo la mafuta ya kujipaka.

Tulipanda basi Katesh Ijumaa asubuhi, watoto wakalala njiani kama mizigo. Tulipofika stendi ya Arusha, Faustini alikuwa ananisubiri, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi. Akanyoosha mikono kumpokea Neema. Neema akapiga kelele ile ile ya Krismasi, akaingia ndani ya kitenge changu. Watu wakageuka. Mume wangu akashusha mikono, akachukua begi badala ya mtoto.

Chumbani kwake, watoto walipolala, akaniambia mpango wake. Alikuwa amemwomba rafiki yake mwenye gari. Kesho tungeanza alfajiri: tukaone wanyama, tupite ziwa, turudi mjini tule kuku, jioni kwa bosi wake, atutambulishe. Alikuwa amejinyima ili aandae yote hayo, niliona usoni. Alitaka mtoto aone kwamba baba yake ni mtu. Na mimi niliyekuwa nimepanguliwa mpango wangu ikabidi nipangue wa kwake.

"Baba Paulo," nikasema, "Neema hajaja kuona wanyama. Amekuja kukuona wewe. Tukimkimbiza na gari kutwa nzima atakuona upande wa nyuma wa kichwa."

"Kwa hiyo tukae tu? Mmetoka Gendabi mje mkae?"

"Ndiyo. Tukae."

Alikaa ameinamia sakafu, na mimi nikawaza huenda nimeharibu kila kitu. Baadaye akatoka nje, nikamsikia anamwomba rafiki yake radhi kwenye simu. Akarudi akasema, "Kuna bustani yenye nyasi karibu na mto. Si mbali, Neema anaweza kutembea." Hapo nilimpenda mume wangu upya, mwanangu, sitaki kukuficha.

Jumamosi tulikwenda bila haraka. Neema alisimama kuangalia kila kitu, cherehani ya fundi, kuku wa mtu, bomba linalovuja, na sisi tukasimama naye. Tulikuwa tunawahi wapi? Bustanini tukatandika mkeka kwenye kivuli, tukala mahindi yetu. Paulo akapata wenzake wakaanza mpira. Neema alikaa upande wangu wa mbali na baba yake. Faustini alitaka kumwita, nikamfinya kidole. Basi akajilaza, na kwa kuwa wiki nzima alikuwa amebeba tofali, usingizi ukamchukua.

Mtu aliyelala hatishi. Neema alimwangalia kwa muda mrefu. Akazunguka mgongoni kwangu, akachuchumaa karibu na mkono wa baba yake. Ule mkono ulikuwa umepasuka pasuka, mweupe kwenye vidole kama ardhi ya bwawa lililokauka.

"Mama," akaninong'oneza, "baba anaumwa mkono?"

Kabla sijajibu, Faustini akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa, sauti yake ile ile ya kwenye simu, "Hauumi sana. Ni saruji."

Neema akaruka nyuma, lakini hakukimbia. "Saruji ni nini?"

"Ni unga wa kujengea nyumba. Unakausha ngozi."

Mtoto akafikiri. Kisha akaja kwenye mfuko wangu, akatoa kopo la mafuta ninalompaka kila asubuhi, akalifungua kwa meno. Akachota mengi kuliko nilivyomruhusu maishani mwake. Akaivuta mikono ya baba yake yote miwili, akaanza kuipaka, kidole kimoja kimoja, anavyopakwa yeye, huku anamwambia, "Tulia. Usitikisike." Na baba yake alitulia. Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni na hakuthubutu kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa. Paulo alikuja anahema kutaka maji, akaona, akakaa kando yangu. Kopo liliisha lote. Sijawahi kufurahia kitu kuisha kama nilivyofurahi siku ile.

Tulirudi chumbani jua likiwa limepanda, Neema akiwa juu ya mabega ya Faustini, amemshika masikio kwa mikono inayoteleza mafuta, anawatangazia wapita njia kwamba sasa yeye ni mrefu kuliko mama. Mchana wakalala wote watatu kwenye kitanda kimoja, mimi nikabaki mlangoni nasikia wanavyokoroma. Hakuna malkia aliyewahi kukaa kwenye kiti kizuri kuliko ile ndoo niliyoigeuza nikaikalia.

Jumapili tulisali misa ya kwanza, kisha Faustini akatupeleka kwenye jengo lake. Jambo moja tu. Neema alipitisha kiganja kwenye ukuta, akauliza kama baba yake ndiye aliyeujenga wote. Akasema ndiyo. Mtoto akamgeukia mlinzi wa pale, mzee wa watu, akamwambia, "Shikamoo. Huyu ni baba yangu." Yule mzee akaitikia marahaba kwa heshima zote.

Tulipopanda basi la kurudi, Neema alilia tena stendi, lakini safari hii alikuwa amelishika shati la baba yake na hataki kuliachia. Watu waligeuka kama mwanzo. Faustini alikuwa anacheka na kulia pamoja. Na mwezi wa kulima ulipofika alikuja bila kuitwa, na tangu hapo hakukosa msimu. Shemeji naye tulipatana. Nilikwenda kulala kwake mwaka uliofuata, tukacheka juu ya ile simu aliyoikata.

Sasa mwanangu, sikia ninalotaka kukuambia. Usiwapeleke watoto mjini ili uumalize mji. Mji haumalizwi na mtu, seuze mtu anayenyonya kidole. Asubuhi chagueni jambo moja, lililo karibu na mnapolala, na likikataa liacheni bila ugomvi. Mchana funga mapazia walale, hata Paulo naye alale, anachoka huyo ingawa hasemi. Maji ya kunywa na chakula wanachokijua viwe mkononi, maana mtoto mwenye njaa haoni uzuri wa kitu. Kofia usisahau, jua la mjini linatoka juu na linatoka kwenye lami. Namba yako ya simu iweke mfukoni mwa kila mtoto. Ndugu wanaotaka kutembelewa waambieni mapema, kwa upole, kwamba zamu yao itafika. Watanuna kidogo na watasahau. Na acheni jioni moja isiyo na kitu chochote ndani yake. Msiogope ikionekana tupu. Watoto wenyewe wataijaza, na watakachoweka humo wewe hutaweza kukipanga hata ukikesha.

Nendeni salama, mwanangu. Mungu awape barabara nyeupe na dereva mwenye akili. Wajukuu wangu wacheke mpaka walegee, wewe na Paulo mpate kukaa chini na kutazamana. Mji uwapokee kwa wema, na nyumba yenu iwapokee mkirudi mkiwa wengi wa furaha kuliko mlivyotoka. Nawabariki kwa mikono yangu yote miwili.